Neno Ambalo Karani Hakuliuliza

Nsajigwa alikuwa na Kiingereza cha miaka miwili. Alikipata sekondari, kabla baba yake hajafariki na yeye kurudishwa nyumbani kushika jembe, na tangu siku hiyo hakukiongeza hata kidogo. Lakini watu wa kijijini kwake, huko juu Mpuguso, hawakulijua hilo. Walichojua ni kwamba mtoto wa mzee Mwakalinga amesoma. Barua ikifika na maandishi ya kizungu, inapelekwa kwake. Chupa ya dawa ya ng'ombe ina maelezo yasiyosomeka, inapelekwa kwake. Aliinua karatasi usawa wa macho, akakunja uso, akasoma kimyakimya huku midomo ikicheza, halafu akatoa jibu. Mara nyingi jibu lilikuwa sahihi. Pale alipobahatisha, alibahatisha kwa sauti ileile, na hakuna aliyewahi kugundua tofauti.

Sifa hiyo ndiyo iliyompa ukarani wa banda namba sita. Banda lenyewe lilikuwa paa la bati juu ya nguzo za mkaratusi, mizani ya kuning'inia, na benchi moja refu. Siku tatu kwa wiki wakulima waliteremka na makapu ya majani mabichi ya chai mgongoni, yeye akapima na kuandika, kisha wote wakakaa kusubiri gari la kuyapeleka kiwandani. Majani ya chai hayana subira. Yakilundikwa muda mrefu yanapata joto lake yenyewe, ukitia mkono katikati ya lundo unahisi kama umeutia kwenye uji, na yakishabadilika rangi kuwa mekundu hayafai tena.

Zamani malori ya serikali yalifika kabla ya saa tisa mchana. Yalipokuja mambo ya soko huria, malori hayo yakafia gereji moja baada ya jingine, na kazi ya kusomba majani ikagawiwa watu binafsi wenye magari yao. Njia ya juu, mbaya kuliko zote, ilimwangukia Ramadhani.

Ramadhani alikuwa mtu wa Tukuyu mjini. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa, akajenga jirani na msikiti, akazaa, akazikwa hapohapo. Ramadhani mwenyewe alizungumza Kinyakyusa cha kuweza kutania wazee, na lori lake la Isuzu alilinunua mtumba kwa akiba ya miaka yake yote na ya mkewe Naima, aliyeuza kanga dukani. Wenzake walikuwa wamekwisha kuikataa ile njia. Yeye aliendelea kupanda. Gari likikwama kwenye daraja la magogo la njia ile, alifika amelowa tope hadi kiunoni, akaketi kwenye benchi la Nsajigwa, akapewa chai ya rangi na ndizi za kuchemsha, na siku ya Idi hakukosa kumletea Tusekile, mke wa Nsajigwa, sahani ya pilau iliyofunikwa na kitambaa.

Mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za elinino, mambo yakaharibika kabisa. Daraja la magogo lilibebwa na maji, likarudishwa kwa magogo mabichi, likabebwa tena. Kuna wiki gari lilikuja mara moja tu. Kuna siku lilifika saa moja jioni, watu wakiwa wamekwisha kumwaga majani bondeni. Kiwanda nacho kikachelewesha malipo, kikisema majani yanayofika ni mabovu. Wakulima wengine wakaacha kupalilia. Ambindwile, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote na watoto sita, alimwaga makapu yake mara tatu mfululizo. Mara ya tatu hakumwaga bondeni, aliyamwaga palepale mbele ya mizani, akaondoka bila kuaga.

Mwezi wa saba ikaja habari kwamba kuna mgeni, mtaalamu kutoka ng'ambo, ametumwa na wafadhili kuchunguza kwa nini chai ya wakulima wadogo inakufa. Angefanya mkutano bandani. Wa kutafsiri alikuwa Ackson, bwana shamba aliyeishi Tukuyu, kijana aliyesoma chuo. Siku ya mkutano gari la wageni lilifika bila Ackson; malaria ilikuwa imemlaza. Mtendaji wa kijiji akatazama huku na huku, kisha akamtazama Nsajigwa, na watu wote wakageuza vichwa kumtazama, kama jambo lisilohitaji kuulizwa.

Nsajigwa angeweza kusema hapana. Baadaye alilifikiria hilo kwa miaka mingi. Angeweza kusema, jamani, hiki nilichonacho hakitoshi mkutano. Badala yake alivuta kola ya shati, akaenda kusimama upande wa kulia wa mgeni.

Mgeni alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Alizungumza taratibu, na kwa nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Barabara, Nsajigwa alilijua neno hilo. Lori, mvua, kiwanda, mbolea, yote aliyajua. Alitafsiri kwa Kinyakyusa kwa sababu wengi wa waliokaa mbele walikuwa wazee, na kila alipomaliza alisikia ile miguno ya kuridhika, akajisikia anarefuka.

Kisha mgeni akafika kwenye kiini cha jambo. Akainua kidole, akachora duara kubwa hewani. Kidole kikapita juu ya benchi walipokaa kamati ya banda, kikapita juu ya Ramadhani, aliyekuwa amesimama nyuma ameegemea lori lake, kikarudi kilikoanzia. Akasema kwamba wakulima hawa wamenaswa ndani ya "vicious circle", na kwamba ni lazima ivunjwe.

Nsajigwa alisikia kila neno. Neno la kwanza alilikumbuka kutoka kwenye kibao kilichokuwa getini kwa meneja mmoja wa shamba la chai, kikiwaonya wapita njia juu ya mbwa. La pili lilikuwa duara, la kwenye hesabu. Duara kali? Halikumwingia. Lakini alikumbuka pia risala moja ya kanisani iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambamo marafiki wa mchungaji waliitwa kwa neno hilohilo, duara la marafiki. Basi duara ni watu. Watu waliokaa pamoja. Watu wakali kama mbwa, waliokaa pamoja.

Mgeni alikuwa karibu naye kiasi kwamba aliona nyuzi zilizolegea kwenye mkono wa koti lake. Kumuuliza, "Unamaanisha nini?" ingechukua muda mfupi kuliko kukohoa. Lakini watu mia mbili walikuwa wakisubiri, na tangu utotoni hawakuwahi kumwona akiuliza.

"Anasema," akatafsiri, "mmenaswa na genge la watu waovu. Na hilo genge ni lazima livunjwe."

Halafu Ambindwile akasimama, polepole, kofia mkononi.

"Karani, muulize. Ni akina nani?"

Nsajigwa akauliza kwa Kiingereza chake: wanataka kujua, nani. Mgeni alishangaa kidogo kwa swali hilo, kisha akatabasamu kwa huzuni, akafungua mikono yote miwili. Akasema ni kila mmoja. Kiwanda kimo, wasafirishaji wamo, na wakulima wenyewe wamo, sote tumo.

"Anasema wamo kiwandani," Nsajigwa akatafsiri. "Wamo wenye magari. Na wengine wamo humuhumu katikati yetu."

Mgeni alipoondoka alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya kupima. Ramadhani alifika saa kumi na nusu, mapema kuliko ilivyokuwa kawaida kwa mwezi ule. Gogo moja lilikuwa limeteleza darajani, akalikalisha upya peke yake. Aliteremka akicheka, mikono imechubuka, akasalimu, "Mugonile." Hakuna aliyeitika.

"Ulikuwa wapi?" Ambindwile akamuuliza.

"Darajani, ndugu yangu. Kama kawaida."

"Na wenzako wako wapi?"

"Wenzangu akina nani?"

Nsajigwa alikuwa nyuma ya mizani, kalamu mkononi. Aliona watu watatu wanakwenda kuyakata magurudumu kwa mundu. Alimwona Ramadhani akikimbilia gari lake, akipanda ubavuni mwa bodi, akivutwa mguu, akianguka vibaya juu ya mawe. Alisikia mfupa. Alimwona Ambindwile akiinua fimbo ya kubebea kapu, akaiteremsha, akaiinua tena. Wanawake ndio waliotenganisha. Nsajigwa alipopata sauti, shughuli ilikuwa imekwisha, na mtu wa Idi, mtu wa sahani ya pilau, alikuwa amelala chini akitazama paa la bati.

Polisi walipanda mara moja. Waliuliza, na hakuna aliyekuwa ameona. Walipomfikia karani, alisema alikuwa akiandika.

Hakuna mwenye gari mwingine aliyekubali kuja. Kwa wiki mbili wakulima waliendelea kuchuma kwa mazoea, wakasubiri mpaka kiza, wakamwaga. Kisha ikaja barua kutoka kiwandani: kwa hali ya barabara na usalama wa madereva, banda namba sita limesimamishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Nsajigwa aliisoma mbele ya watu. Hiyo iliandikwa Kiswahili.

Mwezi wa tisa akashuka Tukuyu kuonana na Ackson. Hakwenda kwa ajili ya lile neno, alikwenda kuomba bwana shamba awasemee kiwandani. Alimkuta nyumbani, amekonda, anakunywa uji, na mezani kuna taarifa ya mgeni iliyopigwa chapa, nakala iliyoletwa wilayani. Ackson alimpa aitazame wakati yeye anamalizia uji. Kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na mchoro. Duara, na juu yake mishale inayofuatana, na juu kabisa, kwa herufi nene, maneno yale mawili.

Nsajigwa aliweka kidole chini ya maneno hayo.

"Bwana shamba," akasema, "hili neno. Wewe ungelitafsiri vipi?"

"Lipi? Hilo?" Ackson akainama. "Hilo halina Kiswahili kimoja kilichonyooka. Wengine wanasema mzunguko mbaya. Mimi ningesema tatizo linalojizaa lenyewe. Tazama mishale. Barabara mbovu, gari linachelewa. Gari likichelewa, majani yanaungua. Majani yakiungua, kiwanda kinatoa chai hafifu, hakiuzi vizuri. Kisipouza, hakimlipi mwenye gari wala mkulima. Mwenye gari hatengenezi gari, mkulima hapalilii. Chai inapungua. Chai ikipungua, nani atatengeneza barabara ya kwenda mahali pasipo na chai? Unarudi pale ulipoanzia, ila safari hii hali ni mbaya zaidi. Na inakuzungusha tena."

"Hakuna mtu mbaya hapo?"

"Hakuna. Ndiyo ubaya wake. Ungekuwa mtu, ungemkamata."

Nsajigwa akaweka karatasi mezani, akaipangusa kwa kiganja kana kwamba ilikuwa imekunjamana.

"Mimi nilisema ni genge," akasema.

Ackson hakumwelewa mara moja. Alipomwelewa, alisukuma bakuli la uji pembeni, na hakulimaliza.

Kutoka kwa Ackson alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Ramadhani. Naima ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama, hakumkaribisha wala hakumfukuza, akarudi ndani na kuuacha mlango wazi. Ramadhani alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umefungwa plasta hadi pajani, mto nyuma ya mgongo. Nsajigwa alisimulia akiwa amesimama. Alisimulia kibao cha mbwa, na risala ya kanisani, na swali la Ambindwile, na jibu. Ramadhani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni neno," akasema.

"Ni neno."

"Na ungeuliza?"

"Ningeuliza, angenieleza. Alikuwa mtu mpole."

"Ulikuwa umesimama pembeni yake, Nsajigwa. Niliwaona. Mkono wako ulikuwa unagusa koti lake."

Nsajigwa aligeukia mlango uliokuwa wazi. Nje duka la kanga lilikuwa limefungwa ubao. Gharama za mguu ule na magurudumu yale manne ndizo zilizolifunga.

"Waganga wanasema utaungana," Ramadhani akasema, "ila utakuwa mfupi. Hilo liache. Nenda ukawaambie watu. Si kwa ajili ya mguu. Mimi nimezaliwa hapa, babu yangu yupo makaburini hapa. Sasa nikipita sokoni nasikia ndiye yule wa genge. Nenda ukaniondolee hilo tu."

"Nitakwenda."

"Nenda basi. Usikae."

Tusekile alipoelezwa alikuwa akimenya ndizi. Kisu hakikusimama.

"Utawaambia lini?"

"Jumapili, wakitoka kanisani."

"Baba Asajile," akasema, "Ambindwile hatakubali. Akikubali, atakuwa amempiga mtu bure. Wewe ungekubali?"

"Lakini ndiyo kweli."

"Sikukatazi. Nakuambia tu ili usije ukashangaa."

Jumapili ile watu walikusanyika bandani, wengi, wakidhani kuna habari ya gari. Nsajigwa alisimama palepale alipokuwa amesimama siku ya mkutano. Alieleza kwa Kinyakyusa, polepole. Alisema hakuna genge. Alisema mgeni alizungumzia shida inayojizaa, akachora duara hewani kama mgeni alivyochora, akaweka kila mshale mahali pake. Alisema Ramadhani hakuwa na kosa lolote. Alisema, "Mimi sikulijua lile neno, na niliona aibu kuuliza." Ilikuwa mara ya kwanza maishani kusema mbele ya watu kwamba kuna jambo halijui.

Mzee mmoja wa mbele akatikisa kichwa. "Lakini siku ile ulijua."

"Sikujua, tata. Nilibahatisha."

"Ulisema bila kusita."

"Ndivyo ninavyobahatisha."

Minong'ono ikaanza. Kisha Ambindwile akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Nsajigwa. Alizungumza kama mtu aliyelala usiku mwingi juu ya jambo akalimaliza.

"Karani alikuwa Tukuyu juzi," akasema. "Ameonekana akitoka nyumbani kwa yule mwenye gari. Ameonekana pia kwa bwana shamba. Leo anakuja kutuambia genge halipo. Mzungu alisema wazi, wengine wamo humuhumu katikati yetu. Mlidhani nani? Nani anashika mizani? Nani anaandika? Nani alikuwa akinywa chai na mwenye gari kwenye benchi hili, sisi tukimwaga majani?"

"Ambi, niliyasema mimi hayo maneno. Mzungu hakuyasema."

"Uliyasema kwa sababu aliyasema, na hukuwa na njia ya kuyaficha mbele ya watu wote. Sasa umepewa njia."

Nsajigwa aligeuka kumtafuta mtu mmoja tu ambaye uso wake ulisema anaamini. Aliona watu waliotazama chini, na waliotazama mlima. Kila neno aliloongeza lilimsogeza karibu zaidi na lile genge. Akisisitiza, anatetea wenzake. Akilia, ameshikwa. Akinyamaza, amekubali. Alielewa, akiwa amesimama palepale, kwamba sasa anauona ule mchoro wa ukurasa wa nne kutoka ndani. Akanyamaza.

Ackson alipopona vizuri alipanda kuwaeleza mwenyewe. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa kiti, wakamshukuru. Alipoondoka walisema karani amemleta.

Kiwanda hakikulirudisha banda namba sita. Waliotaka kuuza walitakiwa kubeba majani hadi banda namba nne, mwendo wa saa mbili, na majani yalifika yamekwisha kupata joto. Walioshindwa waliacha vichaka vikue, na chai isipokatwa inarudi kuwa mti. Mwaka uliofuata wajumbe wa kijiji walikwenda halmashauri kuomba daraja, wakaulizwa huko juu kunatoka nini siku hizi. Mabati ya banda yaliondoka moja moja. Ambindwile aling'oa chai yake yote, akapanda ndizi na maharage. Kazi hiyo ilimchukua msimu mzima yeye na watoto wake, kwa sababu mizizi ya chai iliyopandwa na baba yake ilikuwa imekwenda chini mno.

Lile neno lilibaki. Watu wa kule juu walilibeba wakalifupisha, na mpaka leo ukiwasikia wanasema fulani ni vishasi, wanamaanisha mwizi anayeiba na wenzake. Diwani akila fedha ya darasa, ni vishasi. Mnunuzi wa maharage akichezea mizani, vishasi. Watoto wa shule walikuwa wakimwimbia Nsajigwa njiani, mpaka mwanawe Asajile akapigana, akafukuzwa, akaenda Isongole kulima viazi vya watu na hakurudi. Nsajigwa mwenyewe alijaribu mara mbili tatu kumsahihisha mtu. Siku moja sokoni alimwambia mwanamke aliyetukanwa kwa neno hilo kwamba maana yake si hiyo. Mwanamke alimtazama, akamjua, akakusanya nyanya zake, akahamia upande wa pili.

Kwa Ramadhani alikwenda kila alipopata nafasi, mpaka siku Naima alipomfuata nje ya mlango na kumwomba, kwa heshima kabisa, asije tena. "Ukija, majirani wanaona," akasema. "Wakiona, wanasema mnakutana." Lori liliuzwa vipuri. Ramadhani alipata kazi ya kukaa, kushona viatu jirani na stendi, na akimwona Nsajigwa kwa mbali alikuwa akiinua mkono kidogo tu, usiopita kifua.

Barua hazikuletwa tena. Kwa miaka mitano hakuna mtu aliyepita mlangoni kwake na karatasi.

Kisha, mwaka wa elfu mbili na tatu, asubuhi ya mvua nyembamba, Ambindwile alitokea kwenye migomba. Alikuwa amezeeka upesi. Alisalimu, "Ugonile," kama mtu anayelipa kodi. Tusekile akampa kigoda, hakukaa. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Mkewe alikuwa amerudi kutoka hospitali Mbeya siku tatu zilizopita, amepewa dawa na karatasi hii. Bwana shamba alikuwa amehamishwa, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa safarini.

"Hakuna mwingine," akasema.

Nsajigwa aliipokea. Aliinua karatasi usawa wa macho. Mwandiko wa daktari ulikuwa umelala kama majani baada ya upepo. Alitambua jina la mama wa watu. Alitambua tarehe, na maneno yanayosema arudi baada ya wiki mbili. Katikati, mstari mmoja mzima, kulikuwa na maneno matatu yaliyopigiwa mstari chini, na hayo hakuyajua. Moja lilifanana na neno alilolijua. Alihisi lile jibu likianza kujitunga kinywani, kwa sauti yake ileile ya zamani, na akalizuia.

"Hapa anasema mama arudi baada ya wiki mbili," akasema. "Haya mengine sijui, Ambi."

"Hujui?"

"Sijui. Yamepigiwa mstari, ni ya maana. Shuka nayo Tukuyu leo, muoneshe mganga yeyote pale hospitali. Usingoje wiki mbili. Nitakusindikiza ukitaka."

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye majani ya migomba, na Tusekile alikuwa amesimama mlangoni na kikombe ambacho mgeni hakukipokea.

"Mzungu mbele ya watu mia mbili ulimwelewa," Ambindwile akasema. "Karatasi ya mke wangu ndiyo huielewi."

"Naapa sijui."

"Haya." Akaichukua karatasi mkononi mwa Nsajigwa, akaikunja tena mara nne, akairudisha mfukoni. "Nilijua utasema hivyo. Nilimwambia mke wangu, yule anangoja kunilipiza tangu siku nyingi."

"Ambi. Shuka nayo Tukuyu."

Ambindwile alimuaga Tusekile, akapita katikati ya migomba hadi njia panda. Nsajigwa alimfuata mpaka penye ua, akasimama hapo bila kofia, akamtazama. Njia ya kulia ilikuwa inateremka kwenda darajani na Tukuyu. Ambindwile alisimama kidogo kwenye njia panda, akajifunga koti, akashika ya kushoto, ya kurudi nyumbani.